Loyverse, Odoo au ERPNext: mfumo upi kwa mikahawa ya Zanzibar yenye jiko moja na matawi kadhaa

Ramadhani iliyopita, jioni moja saa 10 kasorobo, jiko letu kuu la Mwanakwerekwe lilipakia sambusa 600 kwenda tawi la Michenzani. Dereva anaapa kapeleka 600. Msimamizi wa tawi anaapa kapokea 540. Kaunta iliuza 512, na wakati wa kufunga zilikuwa zimebaki 11. Nilikaa na kalamu mpaka daku. Zile 60 za njiani sikuziona, na 17 za tawini mpaka leo sijui ziliingia tumbo la nani.

Mimi ndiye ninayeshika hesabu za mikahawa hiyo: Mji Mkongwe, Michenzani, Paje na Chake Chake kule Pemba, yote ikilishwa na jiko moja. Kila niliyemsimulia habari ya sambusa alinipa dawa ileile: "Nunueni mfumo." Upi? Hapo kila mtu na wake. Basi tangu Mfungo Mosi tumejaribu mitatu kwa mikono yetu, na wa nne nimeuona kwa jamaa anayefanya kazi hoteli ya kitalii kule kaskazini. Haya ninayoandika yanamhusu mwenye mikahawa zaidi ya mmoja na jiko linalopikia wengine. Mwenye kibanda kimoja cha chipsi hana haja ya kufika mwisho. Apakue Loyverse leo akauze.

Mifumo yote hii inauzwa vipande vipande, moduli kama wanavyoziita wauzaji: ya kaunta, ya stoo, ya manunuzi, ya hesabu, ya mishahara. Unaanza na unachokihitaji, mengine unaongeza mfuko ukiruhusu. Ni jambo zuri. Tatizo ni kwamba kila muuzaji akija anakuonyesha kaunta, kwa kuwa kaunta inapendeza: picha za vyakula, meza za rangi, bili inatoka fyuu! Kaunta zote zinauza. Upotevu wetu sisi hauko kaunta. Uko baina ya jiko na gari, baina ya gari na tawi, baina ya stoo na sufuria. Kwa hiyo kila mfumo nimeupima pale moduli moja inapoikabidhi nyingine kazi.

Wa kuwaacha mapema

Ukitafuta mtandaoni, majina ya mwanzo kukutokea ni Toast na Square, yote ya Marekani. Usipoteze usiku wako. Ni mifumo mizuri, lakini imefungamana na malipo ya kadi ya nchi zinazohudumiwa, na Tanzania haimo katika orodha ya yeyote kati yao.

Simphony ya Oracle ni habari nyingine. Chimbuko lake ni MICROS, kampuni ya Maryland iliyonunuliwa na Oracle mwaka 2014, na ndiyo utakayoikuta kwenye hoteli kubwa. Mgeni anakula chakula cha mchana ufukweni, anataja namba ya chumba, na bili inapanda yenyewe kwenye akaunti yake ya chumba kupitia OPERA, mfumo wa mapokezi wa Oracle haohao. Huduma inayotunza bili inaweza kukaa ndani ya jengo, kwa hiyo mtandao ukikatika weita hatambui. Ukiwa na vyumba 120 na mikahawa mitatu ndani ya ua mmoja, chukua huo na usiangalie nyuma. Sisi hatuna hata chumba kimoja. Tungekuwa tunanunua jahazi kwa ajili ya kuvukia Chwaka.

Watatu waliobaki

Loyverse ni programu ya kaunta inayokaa kwenye simu au tableti, na ofisi yake unaifungua kwenye kivinjari. Kaunta yenyewe, stoo ya kawaida na skrini ya jikoni ni bure. Vinavyolipiwa ni viongezo: stoo ya kina yenye maagizo ya manunuzi na uhamisho baina ya matawi, usimamizi wa wafanyakazi, na kuunganishwa na programu nyingine. Unalipa kwa mwezi, kwa kila duka. Usipolipa, historia ya mauzo unaiona ya siku 31 tu. Vitabu vya hesabu vya kampuni haina, mishahara haina.

Odoo ni ya Ubelgiji. Ilianza 2005 ikiitwa TinyERP, ikawa OpenERP, na jina la sasa imelichukua 2014. Iko ya aina mbili. Community ni programu huria, bure. Enterprise inalipiwa kwa kila mtumiaji. Kaunta ya mkahawa yenye ramani ya meza, stoo, manunuzi na utengenezaji vimo hata kwenye ile ya bure. Hesabu kamili, mishahara na skrini ya jikoni vimo kwenye ya kulipia.

ERPNext inatoka Mumbai, kwa kampuni ya Frappe, na yote ni huria. Hulipi kwa kichwa cha mtumiaji. Unalipia seva na mtu wa kuiangalia. Zamani ilikuja na sehemu ya mikahawa ndani yake, lakini tangu toleo la 14 sehemu hiyo imetolewa kwenye kiini, na mishahara ikahamia programu ndugu ya Frappe HR. Wenye mikahawa siku hizi huongeza URY, programu huria iliyojengwa juu ya ERPNext.

Je, kinajua pishi?

Bibi anayeshika stoo yetu, sote tunamwita Bi Mkubwa, ana daftari lenye jalada jekundu alilolianza kabla mimi sijaajiriwa. Siku niliyompelekea tableti ya kwanza aliitazama kama anayetazama samaki wa juzi.

"Mwanangu, kitu chako hiki kinajua pishi?"

"Kinajua kilo, Bi Mkubwa."

"Basi kikapokee mchele kikiwa peke yake."

Nilicheka, kumbe kanipa swali la mtihani. Mali yetu haiji kwa kilo. Mchele unaingia kwa polo na kutoka stoo kwa pishi na kibaba, vibaba 4 pishi moja. Ndimu kwa fungu, nazi kwa idadi, tungule kwa tenga, ndizi kwa mkungu, mafuta kwa dumu. Mfumo usioweza kupokea kwa tenga na kutoa kwa kilo utamfanya mtu apige hesabu kichwani saa 12 asubuhi gari la soko likiwa mlangoni. Hapo ndipo makosa huzaliwa, na mwizi naye hujificha humohumo.

Loyverse ilianguka hapa. Kila bidhaa ina kipimo kimoja. Ukiamua mchele ni kilo, basi ni kilo kuanzia gati ya Malindi mpaka sahani ya mteja, na kugeuza ni kazi yako. Tulibandika karatasi ukutani: polo kilo kadhaa, pishi kilo kadhaa. Ilifanya kazi wiki mbili, mvua ikaingia dirishani, karatasi ikachuruzika wino.

Odoo unaitengenezea vipimo vyako mwenyewe. Nikaandika pishi, nikaandika kibaba ni robo yake, nikaandika polo. Bi Mkubwa akapokea polo 3, jiko likachukua pishi 8, na mfumo ukatoa wenyewe. ERPNext nayo inafanya hivyo, tena kwa kila bidhaa peke yake, jambo ambalo kwetu lina maana zaidi: tenga la tungule na tenga la maembe si uzito mmoja. Kwa hili ERPNext iko mbele kidogo.

Samaki ni mtihani mwingine. Changu wa mnadani leo si bei ya jana. Kusi likivuma, ngalawa zisitoke siku mbili, bei inaruka. Ukitaka kujua sahani ya wali na samaki imekugharimu kiasi gani, mfumo lazima uchukue wastani wa bei ulizonunulia. Loyverse inachukua wastani. ERPNext inakupa kuchagua. Odoo nayo inakupa, lakini jihadhari: kwa kawaida yake aina ya bidhaa huanza na gharama isiyobadilika, ile uliyoiandika siku ya kwanza. Sisi tulikaa mwezi mzima tukijisifu kwamba samaki wa Paje anatuletea faida nono, kumbe mfumo ulikuwa bado unamhesabu kwa bei ya kaskazi wakati bahari ina kusi. Ingia kwenye makundi ya bidhaa, badilisha iwe wastani, kabla hujapokea mzigo wa kwanza.

Pweza ubongo wangu hautamsahau. Akichemka hunywea. Kwenye mizani yetu, kilo 10 za pweza mbichi zilitoka sufuriani kilo 5 na robo. Ukimwandikia resipe kwa uzito wa mbichi na ukamtoa kwa uzito wa kuchemka, stoo yako itakuonyesha pweza ambao hawapo. Odoo na ERPNext zote mbili zina moduli ya utengenezaji inayoweza kueleza jambo hili: ingiza kilo 10, toa 5.25, na gharama yote ibebwe na hiyo 5.25. Loyverse ikilipiwa stoo ya kina ina uzalishaji pia, na kwa sambusa na bajia unatosha kabisa. Kwa pweza tulibaki tunarekebisha kwa mkono kila Ijumaa.

Sasa sambusa zenyewe. Mifumo yote mitatu ina hali ya "njiani": mzigo umetoka jikoni, haujaingia tawini. Hilo peke yake lingeokoa usiku wangu wa daku. Tofauti iko pale anayepokea anapopokea pungufu. Kwenye Odoo, jiko likithibitisha 600, sambusa zinahamia mahali panapoitwa njiani. Tawi likiandika 540, mfumo unauliza: hizo 60 zitakuja baadaye au la? Mpaka mtu ajibu, zinakaa njiani, na jina la aliyepakia lipo na saa aliyopakia ipo. ERPNext inafanana nayo. Kwenye Loyverse sisi tulilazimika kupokea mzigo kama ulivyoandikwa, kisha kuandika upungufu kama marekebisho ya stoo, na marekebisho hayana sura ya mtu yeyote.

Mtihani wa urojo

Wauzaji wakija na maonyesho yao huchagua chakula chepesi: pizza kubwa, pizza ndogo, soda. Nilichofanya mimi ni kuwapa karatasi yenye oda moja ya urojo kama ilivyoandikwa na weita wetu wa Mji Mkongwe: bakuli moja, bajia mbili zaidi, kachori moja badala ya yai, mishikaki miwili, chipsi za muhogo, chatne ya nazi pembeni, pilipili kidogo. Nikawaambia: iuzeni, kisha nionyesheni stoo imepungua nini.

Loyverse iliuza haraka kuliko wote. Bonyeza urojo, bonyeza nyongeza, kwisha, na karatasi ya jikoni inasomeka vizuri. Lakini nyongeza zake ni maneno na bei tu, hazigusi stoo. Mishikaki miwili imelipiwa na kuliwa, na kwa mfumo bado iko kwenye friji. Kwenye mkahawa wa urojo nyongeza ndiyo biashara yenyewe! Ukiuza bakuli 150 kwa siku, mwisho wa wiki stoo ya mishikaki inakuwa hadithi.

Odoo ina njia mbili, na ukichagua mbaya utarudi palepale. Ukitumia sifa za bidhaa, nyongeza haitoi kitu stoo. Ukitumia kombo, zilizoingia na toleo la 17 la mwaka 2023, kila chaguo ni bidhaa kamili yenye stoo yake, na mshikaki ukichaguliwa mshikaki unatoka. Kuipanga kulinichukua siku nzima, Jumamosi niliyokuwa nimeahidi kwenda shamba. Tangu hapo sijaigusa.

ERPNext kwa urojo ilinichosha. Kifurushi chake cha bidhaa kimefungwa, mteja hachagui ndani yake, kwa hiyo kila nyongeza tuliiingiza kama bidhaa ya peke yake. Stoo inatoka sawasawa, lakini weita anabonyeza mara 9 kwa bakuli moja. Saa 1 ya usiku, foleni imefika barazani, hakuna weita atakayebonyeza mara 9.

Risiti ya ZRA

Hapa usikubali maneno. Zanzibar risiti za kielektroniki zinakwenda kwa VFMS, mfumo wa risiti wa Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA, na VAT yetu ya kawaida ni asilimia 15. Bara ni TRA, mfumo mwingine, asilimia 18. Mtaalamu akitoka Dar es Salaam kuja kukufungia mfumo huja na 18 kichwani, mwangalie vidole. Na kama una ndoto ya kufungua tawi Kariakoo, mfumo mmoja utatakiwa ubebe viwango viwili na milango miwili ya risiti.

Kati ya mitatu tuliyojaribu, hakuna uliokuja na VFMS ndani yake tangu kiwandani. Lazima mtu ajenge daraja. Kwa Loyverse daraja hupita kwenye API, yaani mlango wa programu moja kuzungumza na nyingine, nayo imo kwenye kiongezo cha kulipia. Kwa ERPNext msimbo wote uko wazi, kijana anayejua Python anaweza kuandika. Kwa Odoo kuna mtego ambao wauzaji hawautaji mpaka uulize: ile ya mtandaoni ya mpango wa kawaida hairuhusu kuweka moduli za nje wala kutumia API. Ukitaka daraja la risiti, ununue mpango wa juu, au uendeshe ile ya bure kwenye seva yako. Vivyo hivyo ukiwa na kampuni mbili tofauti ndani ya akaunti moja. Tukajua hilo tukiwa tumeshalipa.

Bila daraja unapiga mara mbili: mara moja kaunta, mara moja kwenye simu ya risiti. Paje tulifanya hivyo miezi miwili. Usiku wa watu wengi weita anasahau ile ya pili, na kosa linakuwa la mwenye mkahawa, halina mjadala. Kwa hiyo mwambie muuzaji: leo, hapahapa, uza soda moja, nione risiti ya VFMS ikitoka bila mtu kugusa simu nyingine. Akikwambia "itawezekana", mpe chai na umsindikize.

Ruta ikizimwa

Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika, na intaneti ikawa ya kubahatisha nchi nzima kwa siku kadhaa. Umeme wa Unguja nao unatoka Bara kwa waya wa baharini, na walio na umri wanaikumbuka miezi mitatu ya giza iliyoanza Desemba 2009. Siwatishi watu, nasema mkahawa wa Zanzibar usinunue mfumo kabla haujaonekana ukifanya kazi bila mtandao.

Tulizima ruta ya Michenzani saa 2 usiku, kwa makusudi, weita watatu wakiwa kazini. Loyverse iliendelea kuuza kama hakuna kilichotokea. Hata skrini ya jikoni ilipokea oda, kwa kuwa inazungumza na kaunta kwa Wi-Fi ya ndani tu (ruta tuliyozima ilikuwa ya intaneti, ya ndani iliachwa). Mauzo yalipanda yenyewe mtandao uliporudi.

Odoo iliendelea pia, lakini kwa masharti. Usifunge ukurasa wa kivinjari. Na tableti zikawa hazionani: weita wa kwanza kafungua meza ya 6, wa pili anaiona meza ya 6 tupu. Mama mmoja aliletewa biriani mbili, akamwambia weita, "Mwanangu, mimi ni mmoja." Tangu siku hiyo tuna sheria: mtandao ukikatika, tableti moja tu ndiyo inayouza, wengine wanaandika kwenye karatasi.

ERPNext ikiwa mtandaoni, ruta ikizimwa nayo inazimika. Dawa ni kuweka seva ndani ya mkahawa, lakini hapo unahitaji betri, feni, na mtu wa kupangusa vumbi la chumvi, tena kwa kila tawi.

Malipo na mishahara, kwa haraka

Hakuna hata mmoja kati yao uliosoma wenyewe ujumbe wa lipa namba kwetu. Unachofanya ni kutengeneza aina za malipo: taslimu, M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money, kadi ya PBZ. Weita anachagua, na jioni unalinganisha. Sisi tunawataka waandike tarakimu nne za mwisho za muamala. Anayesahau anakatazwa kushika tableti siku mbili, na adhabu hiyo inauma kuliko faini. Habari ya bei za dola imekwisha tangu kanuni za Machi 2025, kwa hiyo msumbufu huyo wa sarafu mbili kwenye menyu tumeachana naye.

Mishahara ningeiacha nje kwa sasa. Moduli tulizoziona zimeandikwa kwa nchi nyingine, na huku kwetu michango ya hifadhi ya jamii ni ya ZSSF, si NSSF ya Bara. Kwa wafanyakazi 46, Excel na jioni moja vinatosha.

Kinachokula fedha

Bei za wauzaji hubadilika, kwa hiyo angalia wanavyohesabu, maana hicho hakibadiliki ovyo. Loyverse inahesabu maduka. Matawi yetu ni 4, lakini jiko kuu nalo lazima liwe duka ili liwe na stoo yake, kwa hiyo ni 5. Kila kiongezo zidisha kwa 5. Duka la 6 likifunguliwa, zidisha tena. Uzuri wake ni kwamba unalipa kwa mwezi: masika yakija, Paje ikifungwa Aprili na Mei, viongezo vya Paje unavizima.

Odoo inahesabu watumiaji, na watu wengi hapa hukimbia wakidhani kila weita ni mtumiaji. Siyo. Weita anaingia kaunta kwa PIN yake kama mfanyakazi tu, hahitaji leseni. Sisi tuna leseni 6: mimi, mwenye mali, Bi Mkubwa, mpishi mkuu, mnunuzi, na mhasibu wa nje. Hata tukifungua matawi 10, sita hao huenda wakawa wanane. Ndiyo maana hesabu ya Odoo inaanza juu ya Loyverse na kadiri matawi yanavyoongezeka inakutwa na kupitwa. Kwetu sisi zilikutana kwenye tawi la tatu. Gharama inayojificha ni toleo jipya: linatoka kila mwaka, na kila toleo linahudumiwa miaka mitatu, kisha uhamie jipya. Ukihama, lile daraja la risiti ulilojengewa linahitaji fundi tena.

ERPNext haihesabu mtu wala duka, na kwa karatasi ndiyo rahisi kuliko wote. Sisi ilitushinda kwa jambo moja. Kijana wetu wa kompyuta, hodari, mpole, aliyeisimika yote peke yake kwa wiki tatu, alipata kazi Dodoma. Siku ya nne baada ya kuondoka diski ya seva ilijaa, na kaunta mbili zikasimama mchana wa Ijumaa, watu wametoka msikitini na njaa. Nilimpigia, akanielekeza kwa simu herufi kwa herufi mpaka ikafunguka, Mungu amjaalie. Lakini mkahawa hauwezi kuendeshwa kwa hisani ya mtu aliyeko Dodoma. Ukiwa na mafundi wawili wa kudumu, au ukilipia Frappe wakuhifadhie seva wenyewe, maneno yangu haya yafute.

Tulichokichukua

Tumechukua Odoo Enterprise, lakini hatukuanzia kaunta. Tulianza na stoo na utengenezaji tu, jiko kuu peke yake, miezi miwili, matawi yakiendelea na walichozoea. Bi Mkubwa alishika tableti na daftari jekundu kwa pamoja, jioni tunalinganisha. Wiki ya tano daftari na mfumo vilitofautiana kilo 2 za sukari, tukatafuta, ikaonekana aliyekosea ni mfumo, au tuseme mimi niliyeulisha. Hakunisema. Alifunua tu ukurasa akaacha wazi.

Baada ya hapo tukaingiza kaunta ya Michenzani, kisha Mji Mkongwe, kisha Paje msimu ulipoanza. Kama ningekuwa na matawi mawili na kila tawi linapika lake, ningebaki Loyverse bila kufikiri mara mbili, nikalipia stoo ya kina, na fedha iliyobaki nikanunulia friji.

Chake Chake bado wako Loyverse. Mtandao wa tawi lile haujatulia, na tableti kutoonana pale kungekuwa ni kila siku. Wanapokea mzigo ukishuka kwenye boti, wananitumia picha ya karatasi ya kupokelea kwa WhatsApp, na mimi kila Jumamosi naingiza Odoo kwa mkono. Jumamosi iliyopita zilipakiwa sambusa 200 zilizogandishwa. Zimepokelewa 198, na mbili ziko njiani, zina jina la dereva.